The Crown, Sultan na Jumong: ipi ya kuamini, ipi ya kuburudika nayo

Kwenye maduka ya kurushia muvi, kuanzia Mwanjelwa na Uyole mpaka Makambako, Mafinga na Miyomboni pale Iringa mjini, tamthilia za kifalme zina wateja wake. Tatu ndizo ninazozipima hapa: The Crown ya Waingereza, Muhteşem Yüzyıl ya Waturuki ambayo watazamaji wengi wanaiita Sultan tu, na Jumong ya Wakorea. Zote husifiwa kwa neno moja, kwamba ni hadithi za kweli. Mteja anaondoka na flashi akiamini amenunua burudani na somo la historia kwa bei moja.

Sifa hiyo haizistahili kwa kiwango sawa. Jumong ndiyo iliyotunga zaidi, lakini ni vigumu imdanganye mtu. Sultan imekosea nyumba, nguo na ndoa moja kubwa, ila vifo vinavyobeba hadithi imeviweka mahali pake. The Crown imepatia mpaka vifungo vya makoti, na kwa maoni yangu ndiyo inayopotosha kuliko hizo mbili. Macho yakishakubali gauni, masikio nayo yanakubali maneno bila kuuliza.

Kutunga si kosa. Maneno ya mfalme na mkewe usiku hayakuwa na karani wa kuyaandika, na mwandishi asipoyatunga hana tamthilia. Kubana muda nako ni halali: majadiliano ya miezi minne yanakuwa kikao kimoja, mawaziri watatu wanakuwa mmoja, na mtazamaji hapotezi kitu. Shida inaanza mwandishi anapogusa mfuatano wa matukio na mtu aliyetoa amri. Tukio la pili likitangulizwa, chanzo kinageuka matokeo. Mtoa amri akibadilishwa, lawama inamhama mwenyewe na kumwangukia mwingine, mara nyingi marehemu asiyeweza kujitetea. Na kuna suala la wingi wa kumbukumbu. Mfalme aliyeachiwa kurasa chache kwenye kitabu cha kale unaweza kumtungia vipande 80. Malkia ambaye shughuli zake zimo magazetini na kwenye nyaraka za serikali hakuachii uwanja huo.

Nianze na Waingereza, maana hapo ndipo kuna mengi ya kusema. The Crown ilianza kuonyeshwa Netflix Novemba 2016 ikamalizika Desemba 2023, misimu 6, vipande 60, mwandishi mkuu Peter Morgan. Malkia Elizabeth wa Pili anachezwa na Claire Foy, kisha Olivia Colman, kisha Imelda Staunton, kila mmoja misimu miwili. Kwa utengenezaji haina mpinzani kati ya hizi tatu. Angalia kutawazwa kwa Juni 2, 1953: uzito wa vazi, mpangilio wa maaskofu, namna mtumishi anavyorudi kinyumenyume bila kumpa Malkia mgongo. Kazi hiyo imefanywa na watu waliokaa na picha na vitabu muda mrefu, na wanastahili heshima yao.

Sasa chukua habari ya Margaret, mdogo wake Malkia, na Peter Townsend, rubani wa vita aliyekuwa ameachana na mkewe. Msimu wa 1 unafungwa na jambo hili katika kipande cha 10. Tamthilia inaonyesha Margaret akisubirishwa mpaka atimize miaka 25, kisha dada yake, akibanwa na Kanisa na serikali, anamkatalia. Mtazamaji anamwona Malkia aliyevunja moyo wa mdogo wake kwa ajili ya taji. Lakini nyaraka za serikali zilizofunguliwa mwaka 2004 zinasema vingine. Mwaka 1955 Malkia na Waziri Mkuu Anthony Eden walikuwa wameandaa utaratibu ambao Margaret angeolewa, abaki na cheo chake, abaki na posho yake, ila tu aachie haki ya kurithi kiti yeye na watoto watakaozaliwa kwenye ndoa hiyo. Oktoba 31, 1955 Margaret mwenyewe akatangaza kwamba haolewi na Townsend. Moyoni mwake kulikuwa na nini siku hiyo, hapo mwandishi ana uhuru wote. Lakini kuufanya uamuzi huo kuwa amri ya dada mkubwa ni kuhamisha amri. Na nyaraka zilikuwa wazi miaka 12 kabla msimu huo haujaonyeshwa.

Kipande cha 4 cha msimu huohuo kinahusu moshi uliofunika London Desemba 5 hadi 9, 1952. Moshi ulikuwepo na uliua kweli. Hesabu ya wakati ule ilikuwa watu wapatao 4,000, na watafiti wa baadaye wameifikisha karibu 12,000. Tamthilia inaufanya kuwa mgogoro uliokaribia kumng'oa Waziri Mkuu Winston Churchill, na inampa mzee huyo karani kijana, Venetia Scott, anayegongwa na basi ndani ya moshi. Kifo cha binti huyo ndicho kinachomzindua. Karani huyo hakuwahi kuwepo. Wala serikali haikutikisika hivyo kwa siku zile tano, kwa sababu ukubwa wa maafa ulionekana baadaye takwimu za vifo zilipokusanywa. Sheria ya hewa safi ilikuja 1956. Hapa kuna njia rahisi ya kumtambua mtu wa kutungwa kwenye tamthilia yoyote ya kifalme: hana ukoo, kila mtu anampenda, anamwambia mkubwa maneno ambayo hakuna mwingine aliyethubutu, halafu anakufa kabla kipande hakijaisha. Ukimwona mtu wa namna hiyo, mtilie shaka mara moja.

Kwa mtazamaji wa Afrika, kipande cha kukaa nacho ni cha 8 cha msimu wa 2, ziara ya Ghana ya Novemba 1961. Tamthilia inasimulia hivi: Jackie Kennedy, mke wa Rais wa Marekani, anakula chakula Buckingham, baadaye anamsema Malkia vibaya, Malkia anaumia, anataka kuonyesha kwamba naye ana la kufanya duniani, anafunga safari kwenda Accra kumrudisha Kwame Nkrumah kutoka mikononi mwa Warusi, anacheza naye dansi, mambo yanakwisha. Kennedy na mkewe walikula Buckingham kweli, Juni 1961. Dansi ilichezwa kweli, na picha zake zipo. Ila ziara yenyewe ilikuwa imepangwa tangu 1959, ikaahirishwa kwa sababu Malkia alikuwa na mimba ya Andrew, aliyezaliwa Februari 1960. Haikuzaliwa na maneno ya Jackie. Mvutano wa 1961 ulikuwa juu ya usalama, maana kulikuwa na milipuko ya mabomu Accra siku chache kabla, na wabunge wa Uingereza waliogopa. Waziri Mkuu Harold Macmillan alihofia kwamba ziara ikifutwa Nkrumah ataelekea Moscow moja kwa moja. Na nyuma ya yote hayo kulikuwa na fedha za bwawa la Volta pale Akosombo, ambazo Marekani ilikuwa bado inasitasita kuzitoa.

Hapa sizungumzii tarehe iliyokosewa kidogo. Rais wa nchi huru aliyekuwa akipigania umeme na viwanda vya watu wake anafanywa mtu anayebembelezwa kwa dansi moja, na mwanamke wa Kimarekani aliyesema vibaya mezani ndiye anayekuwa chanzo cha safari. Mfuatano umegeuzwa, na aliyepotea katikati ni Mwafrika. Mwalimu wa historia wa sekondari yoyote ya Mbeya anaweza kutumia kipande hiki darasani kwa faida kubwa, mradi akiweke sambamba na tarehe hizo.

Mengine nayapitia haraka. Kipande cha Aberfan, kijiji cha Wales, cha 3 katika msimu wa 3, ndicho bora cha tamthilia nzima: lundo la taka za mgodi wa makaa liliporomokea shule Oktoba 21, 1966, wakafa watu 144, watoto wakiwa 116, na Malkia akafika siku 8 baadaye. Kuchelewa kwake ni kweli na kumeonyeshwa bila kupunguzwa. Michael Fagan, raia wa kawaida, alipenya mpaka chumbani kwa Malkia Julai 9, 1982, lakini mazungumzo marefu juu ya ukosefu wa ajira yametungwa, na Fagan mwenyewe ameyakana. Barua ya Mountbatten, mzee wa ukoo, kwa Charles mwana wa Malkia kabla mzee huyo hajauawa Agosti 1979, Morgan amekiri kuitunga. Njama ya mwaka 1991 ya Charles kumwendea Waziri Mkuu John Major ili mama yake aachie kiti, inayofungua msimu wa 5, Major ameikanusha kwa maneno makali. Mwaka 2020 waziri wa utamaduni wa Uingereza aliomba tamthilia iwekewe onyo kwamba ni ya kutungwa. Netflix walikataa, kisha Oktoba 2022 wakaandika chini ya tangazo la msimu wa 5 kwamba ni maigizo ya kubuni yaliyotokana na matukio ya kweli. Onyo hilo lilipaswa kuwepo tangu kipande cha kwanza.

Sultan ni suala jingine. Ilionyeshwa Uturuki kuanzia Januari 2011 mpaka 2014, vipande 139, ikiwa imeasisiwa na mwandishi Meral Okay aliyefariki 2012 kabla haijafika mwisho. Suleiman, sultani mwenyewe, anachezwa na Halit Ergenç. Mwezi ule wa kwanza tu, mamlaka ya utangazaji ya Uturuki ilipokea malalamiko zaidi ya 70,000, na Novemba 2012 Erdoğan, akiwa Waziri Mkuu, alisema hadharani kwamba Suleiman anayemjua yeye alikaa miaka 30 juu ya farasi, si kwenye jumba la wanawake. Kwa hesabu za vita malalamiko hayo yana uzito. Suleiman alitawala 1520 hadi 1566 na aliongoza safari 13 za vita yeye mwenyewe: Belgrade 1521, Rhodes 1522, Mohács Agosti 29, 1526, Vienna 1529, mpaka akafia kambini Szigetvár Septemba 1566. Tamthilia inamweka nyumbani zaidi kwa sababu nyumba inarekodiwa kwa bei nafuu kuliko vita, na kwa sababu watazamaji walimtaka Hürrem, mtumwa aliyekuja kuwa mke wa Sultani.

Kosa linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni la nyumba yenyewe. Tangu kipande cha kwanza, wanawake wa Sultani, mama yake na watoto wako jumba la Topkapı, mlango kwa mlango na baraza la dola. Kumbe mwanzoni mwa utawala wa Suleiman wanawake waliishi Jumba la Kale, sehemu nyingine ya mji, eneo ambalo leo ni Chuo Kikuu cha Istanbul. Topkapı palikuwa mahali pa Sultani na serikali yake. Hürrem ndiye aliyehamia kukaa huko na Sultani, na kuhama huko kulikuwa sehemu ya mshangao aliousababisha duniani, pamoja na kuachwa huru na kuolewa ndoa halali miaka ya 1530. Tamthilia ilipowaweka wote Topkapı tangu mwanzo, ilijinyima tukio lake kubwa kuliko yote. Mwandishi angeifuata historia, angepata hadithi nzuri zaidi: mwanamke aliyetekwa utumwani, anayevuka mji mzima kwenda kuishi lilipo baraza la dola. Watengeneza tamthilia wetu walishike hili. Mara nyingi ukweli unakupa kisa kikali kuliko ulichotunga.

Nguo za vifua wazi ni za Istanbul ya 2011, si ya 1530, na sina zaidi la kusema hapo. Mapenzi ya Ibrahim Paşa, waziri mkuu, na Hatice, dada wa Suleiman, yanabeba misimu ya mwanzo. Harusi kubwa ya Ibrahim ya 1524 ilifanyika kweli, ila wanahistoria wa sasa wanaona bibi harusi alikuwa Muhsine, si Hatice. Ndoa ya Ibrahim na Hatice iliandikwa kwenye vitabu kwa muda mrefu kabla haijatiliwa shaka, kwa hiyo simlaumu mwandishi.

Pale inapopatia, inapatia kwa nguvu. Ibrahim anauawa usiku Machi 1536, ndani ya jumba, baada ya kula na bwana wake, bila mashtaka. Mwanamfalme Mustafa, mwana wa Suleiman kwa mama mwingine asiye Hürrem, anaitwa kwenye hema la baba yake Oktoba 1553 karibu na Ereğli, anaingia bila silaha, na mabubu wa jumba wanamnyonga kwa uzi, kwa sababu damu ya ukoo wa Osman haikuruhusiwa kumwagika. Jeshi linakasirika, na waziri mkuu Rüstem anaondolewa ili kutuliza hasira. Lawama kwa Hürrem na mkwe wake Rüstem haikutungwa na runinga. Ilisemwa wakati uleule na ikaandikwa na mabalozi wa Ulaya. Kipande hicho kilipoonyeshwa Februari 2014, watu walimiminika kwenye kaburi la Mustafa mjini Bursa. Tamthilia iliyoweza kuwapeleka watu kaburini baada ya miaka 460 imefanya kazi yake.

Mnunuzi ajue mambo mawili. Toleo la kuuzwa nje lilikatwa vipande vya kama dakika 45, hivyo vinazidi 300 badala ya 139. Namba za flashi moja hazilingani na za nyingine, na ukinunua nusu hapa na nusu kule utaruka au utarudia. Pili, sura ya Hürrem inabadilika. Meryem Uzerli aliondoka 2013 na Vahide Perçin akachukua nafasi. Ukiona hivyo, flashi haijachanganywa.

Jumong ya MBC, 2006 hadi 2007, vipande 81, haihitaji maneno mengi kwa sababu haina la kuvunja. Goguryeo, dola ya kale ambayo Jumong ndiye mwanzilishi wake, inasemekana ilianzishwa mwaka 37 KK. Kitabu kikuu kinachosimulia, Samguk Sagi, kilikamilishwa 1145 BK, karibu miaka 1,200 baadaye. Na kitabu chenyewe kinasema Jumong alitoka kwenye yai: mama yake Yuhwa alifuatwa na mwanga wa jua chumbani, akazaa yai, likatupiwa mbwa na nguruwe wasilile, likawekwa njiani ng'ombe na farasi wakalikwepa. Akiwa na miaka 7 alijitengenezea upinde. Akakimbia maadui, samaki na kobe wakamjengea daraja mtoni. Waandishi wa runinga walitoa yai, wakampa baba wa nyama na damu aitwaye Haemosu, na wakamfanya stelingi kuwa mwanamfalme mwoga asiyejua kitu mwanzoni ili tumwone akikua. Hapo uhuru wa msanii umetumika inavyostahili: palipokuwa na muujiza wameweka mtu.

Lakini hata Jumong ina jambo la kuangalia. Dola ya Gojoseon ilianguka mbele ya Wachina wa Han mwaka 108 KK, na kwa hesabu ya Samguk Sagi Jumong alizaliwa 58 KK. Tamthilia inabana nusu karne hiyo ili baba apigane vita vya anguko na mwana amalize kazi. Na Wahan wanaonekana wabaya kuliko pote kwa sababu ya mwaka 2006, si ya 37 KK: China ilikuwa kwenye mradi wa utafiti wa 2002 hadi 2007 ulioihesabu Goguryeo kuwa sehemu ya historia ya China, na Wakorea walikuwa na hasira. Tamthilia ya kifalme itazame pia kama gazeti la mwaka ilipotengenezwa. Soseono, mke wa Jumong, kwa upande wake ameshikwa vizuri. Mjane mwenye wana wawili, anayeondoka kwenda kusini baada ya mwana mkubwa wa Jumong kutokea, naye mwanawe Onjo akaanzisha Baekje mwaka 18 KK: hayo yamo kitabuni.

Kwa anayetaka Wakorea wenye kumbukumbu nene zaidi, Dae Jang Geum ya 2003 hadi 2004 ndiyo ya kutazama baada ya Jumong. Enzi za Joseon, ufalme wa Korea wa baadaye, makarani walikaa na mfalme na kuandika, na mfalme hakuruhusiwa kusoma rasimu zao. Kumbukumbu hizo zinafunika 1392 hadi 1863. Humo tabibu Jang-geum anatajwa mara chache tu chini ya Mfalme Jungjong, na vipande 54 vimejengwa juu ya mistari hiyo michache.

Nakala zinazozunguka madukani zina kasoro zake. Ili kuokoa nafasi, baadhi ya warushaji huunganisha vipande viwili vitatu kuwa faili moja na kukata mwanzo na mwisho. Kinachokatwa mara nyingi ndicho kilichobeba tarehe na maandishi ya maelezo. Kwenye zile zilizowekewa sauti ya mtafsiri, maandishi ya chini yanayosema ni mwaka gani na mji gani hayasomwi, na mtazamaji hajui kwamba miaka 7 imepita kati ya tukio na tukio. Faili likizidi GB 4 halikubali kuingia kwenye flashi iliyopangwa kwa FAT32, ambayo ndiyo runinga nyingi za kawaida husoma. Hiyo ni sababu mojawapo ya kipande kutoonekana kabisa. Omba vipande kimoja kimoja, vikiwa na namba. Jumong kwa MB 200 kila kipande ni kama GB 16, The Crown kwa MB 300 ni kama GB 18, na flashi ya GB 32 kwa kweli inabeba GB 29 na ushee, kwa hiyo mbili hizo haziingii pamoja. Nakala hizo mara nyingi hazina kibali cha mwenye kazi. Mwenye bando na uwezo, The Crown ipo Netflix ikiwa kamili na maandishi yake yote.

Nimeandika haya nikiwafikiria pia vijana wa Iringa na Mbeya wanaoshika kamera, kwa sababu utawala wa Mkwawa unasubiri tamthilia yake na kipimo ni kilekile. Tarehe zipo: Lugalo Agosti 17, 1891, kamanda wa Wajerumani Emil von Zelewski akauawa; Kalenga Oktoba 30, 1894, ngome ikavunjwa; Mlambalasi Julai 19, 1898, Mkwawa akafa. Msiunganishe Lugalo na Kalenga kama wiki mbili za kisasi. Kati yake kuna miaka 3 ambayo Wajerumani walijipanga upya, na hapo ndipo kuna siasa yote. Msimwache Mpangile, ndugu wa Mkwawa aliyewekwa na Wajerumani kwenye kiti mwishoni mwa 1896 na kuuawa nao wenyewe mwanzoni mwa 1897. Hakuna mtunzi angeweza kubuni kisa kigumu kuliko hicho. Msimfanye Merere wa Usangu kuwa msaliti wa katuni kwa kuwa alisimama na Wajerumani. Wasangu walikuwa na vita vyao na Wahehe kabla Mjerumani hajafika, na mtazamaji wa Mbarali atakaa mbele ya runinga akingoja kuona kama mnalijua hilo. Nyaraka za upande wa pili zipo, ikiwemo shajara ya Magdalene, mke wa ofisa wa Kijerumani Tom von Prince, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Isomeni mkikumbuka ni ya mke wa adui.

Saa za mwisho Mlambalasi ndizo zisizokuwa na karani wa kuziandika. Mkwawa alikuwa na kijana mmoja tu, na wote wawili walikutwa wamekufa. Alisema nini, aliogopa au hakuogopa, hayo ni ya mwandishi. Fuvu la Mkwawa lililorudishwa Juni 1954 ni habari nyingine: Gavana Twining wa Tanganyika alilichagua Bremen, Ujerumani, miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa ukoo, na tamthilia itakayoonyesha kwamba lilitambuliwa bila shaka yoyote itakuwa imepita kiasi cha ushahidi uliopo.

Kwa mwenye fedha ya tamthilia moja mwezi huu, chukua Sultan, hasa kuanzia ndoa ya Hürrem mpaka hema la Ereğli. Kwa familia yenye watoto, Jumong, na wasimulieni la yai mtakapofika kipande cha kwanza. The Crown inafaa kwa anayekubali kutazama na tarehe mkononi. Aanze na Aberfan, afuatishe Ghana, na lile la Margaret aliache mpaka awe amesoma zile nyaraka za 2004 zinasema nini.